Mwalimu na Mwizi wa Cherehani

Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, na hivyo vinne vilitosha kutuchapa darasa zima. Cha tano kilibaki Burma vitani, na sie wanafunzi tulikuwa na hadithi chungu nzima za namna kilivyokatika, zote za uongo. Mwenyewe aliulizwa mara moja tu, na kijana mmoja mwenye mdomo usiotulia. Akajibu kwamba kidole kilikwenda kutafuta adabu na bado hakijarudi, kisha akamchapa yule kijana viboko vitatu kwa kuuliza katikati ya hesabu.

Jina lake silitaji. Wanawe wapo, na mie na uzee huu sitaki kugombana na mtu. Wala sisemi alizaliwa wapi na mama yake alikuwa nani, kwa sababu sijui, na hao wanaosema wanajua wanabuni. Alikuwa Mwalimu wetu wa shule ya kati Temeke, siku za Mwingereza, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mwalimu, kana kwamba walimu wengine watano waliokuwepo pale ni wapishi.

Alikuwa na henzirani. Wengine walikata fimbo ya mkwaju asubuhi, wakaitupa jioni, lakini yake ilikuwa moja miaka yote, nyembamba, ya rangi ya asali. Aliilaza juu ya kizingiti cha mlango na kila Ijumaa aliipaka mafuta ya nazi kama mtu anayempaka mtoto. Mie nimechapwa na baba, nimechapwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, na ukubwani nimewahi kupigwa virungu na askari wa bandarini kwa kosa ambalo si langu. Wote hao nimeshawasahau. Henzirani ile nikiwaza tu sasa hivi, kiganja kinawasha.

Lakini nisimsingizie. Hakuchapa akiwa na hasira hata siku moja, isipokuwa ile moja nitakayoieleza. Ukimkasirisha hasa, akahisi mishipa ya shingo inasimama, aliirudisha henzirani kizingitini, akatoka nje, akaenda jikoni kupasua kuni. Tulisikia shoka tu, pwa, pwa, na sie ndani tumekaa tunamtazama aliyesababisha. Mpishi wa shule, mama mmoja mnene wa Kizaramo, alikuwa akituomba tuzidi kumuudhi kwa sababu kuni zilimpungukia. Akirudi jasho linamtiririka, alishusha henzirani na kuchapa idadi ile ile ambayo angechapa tangu mwanzo. Kosa lina viboko vyake, alisema, na hasira yake haikuwa kosa letu.

Swali lake lilikuwa moja: uliona au uliambiwa? Aliliuliza katika historia, katika jiografia, na hata ukimwambia mama yako mgonjwa. Kuna kijana alichelewa akadai amezuiwa na simba njiani huko Mtoni. Mwalimu mwingine angecheka, au angechapa yakaisha. Huyu alifunga kitabu akatutoa darasa zima, tukatembea juani mpaka Mtoni kwenda kuona nyayo. Tukazikuta, nyayo za mbwa, tena mbwa mdogo. Alichapwa pale pale barabarani viboko sita, kimoja kimoja kikihesabiwa na yeye mwenyewe mchapwa, na watu wa Mtoni walileta watoto wao wakae watazame. Kurudi, Mwalimu alimbeba begani yule yule aliyemchapa kwa sababu alikuwa amejikwaa akaumia kidole. Sasa mtu kama huyo utamweka fungu gani?

Au chukua habari ya yule baba wa Kinondoni. Alikuwa na binti anayesoma kwetu, mtoto mtulivu, akawa anakuja shule na alama za mnyororo wa baiskeli miguuni. Mwalimu hakumuuliza binti neno. Siku ya soko alikwenda Kinondoni kwa miguu, akamkuta yule baba anauza mihogo, akamuuliza kama ni kweli anatumia mnyororo. Yule baba akasema mtoto ni wake. Hapo Mwalimu alimvunja mkono. Aliushika tu akaupinda mpaka ukalia, mbele ya wanunuzi, kisha akamfunga mwenyewe kwa vipande vya mbao na kanga kama alivyofundishwa jeshini, akamsindikiza kwao. Hili niliambiwa, sikuliona, na naliandika hivyo hivyo kuwa niliambiwa, maana vinginevyo angefufuka anichape.

Na sisi je? Sie aliotuchapa kila siku ya Mungu, nani alikwenda kumvunja yeye mkono? Nilimchukia kwa hilo, na mpaka leo kuna siku naamka namchukia.

Alichokipenda duniani ni sinema. Jumamosi alivaa kanzu safi, akaenda mjini, akakaa viti vya mbele kabisa vya bei ndogo, na Jumatatu kabla ya kuita majina alitusimulia ngumi zote, akizirusha hewani kwa mkono wa vidole vinne. Alikuwa hodari mno. Tuliona majambazi wakianguka madirishani. Lakini mjomba wangu aliyekaa naye siku moja alisema kwamba bunduki zilipolia kwenye picha, Mwalimu alijitupa sakafuni kati ya viti, akalala kifudifudi mikono kichwani. Mtu wa nyuma alicheka. Mwalimu aliinuka, akajikung'uta, akampiga ngumi moja ya pua, akakaa akaendelea kutazama. Mjomba alisema damu ilimwagika mpaka kwenye njugu za watu.

Sasa nifike huko ninakoogopa kufika.

Nilikuwa darasa la saba. Gari la sinema la serikali lilikuja Temeke, likasimama kiwanjani, wakafunga kitambaa cheupe kati ya milingoti miwili. Magharibi ilipopita injini ikawashwa. Mbele palikuwa na viti vya Bwana Shauri wa wilaya, jumbe, mashehe na walimu, nyuma yao wanaume, na kando wanawake. Watoto hatukuwa na mahali, tukaenda nyuma ya kitambaa. Nyuma ya kitambaa ndiko kwetu. Picha ilipenya ikaonekana vile vile, na hakuna mzee wa kukutimua kwa bakora. Mie nilikaa hatua tatu tu kutoka kwenye kitambaa, karibu mno kiasi kwamba picha ilinipita kichwani.

Ilikuwa picha ya kutufundisha tufunge milango. Nasema kweli, Mwingereza alileta gari, injini na wazungu wawili kuja kutuambia tufunge milango. Mjane mmoja anashona nyumbani kwake, anatoka kwenda kuchota maji, mlango wazi. Anaingia mwizi, anabeba cherehani nzima begani, anatoka mbio, anakatiza sokoni, anaruka vyungu vya mwuza vyungu, anaanguka mtaroni, anakamatwa. Basi. Walioigiza walikuwa watu wetu hawa hawa, wameokotwa mitaani, majina yao hayakuonyeshwa. Mwizi alifungwa kilemba na kupakwa masizi usoni hata mamake asingemjua.

Bahati mbaya ni hii. Wiki mbili nyuma, mshonaji wa jirani na shule, pale kwenye bomba la maji, alikuwa ameibiwa cherehani kweli. Yule mama alipoiona ile ya kwenye picha alisimama akalia kwa sauti. Alisema ni yake, anaijua. Cherehani zote zilikuwa moja, nyeusi, zenye maua ya dhahabu, nani asiyejua? Lakini siku zile wengi hatukujua picha zinatengenezwaje. Waliokuwepo wakatoka wakisema serikali imempiga picha mwizi kwa siri akiwa kazini.

Asubuhi yake Mwalimu alituamuru kila mmoja aandike maoni juu ya ile sinema. Maandishi bora yangebandikwa kwenye ubao wa gazeti la shule, uliokuwa nje getini, mkabala na lile bomba. Nilitaka ubao ule kuliko nilivyotaka chakula. Jina langu halikuwahi kubandikwa. Kaka yangu alibandikwa mara mbili, na nyumbani hakukukalika.

Nikaandika. Nakumbuka neno kwa neno: sinema ilikuwa nzuri na ya kupendeza, mwizi alikuwa mtu mbaya, akakimbia akaruka vyungu, tumejifunza kwamba wizi si jambo jema. Mwalimu alinisimamisha mbele nisome kwa sauti, henzirani mkononi. Ndivyo alivyosahihisha. Ulisoma sentensi, ukanyamaza, akauliza kama uliona au uliambiwa. Kwa ile uliyoambiwa, au uliyojitungia tu kwa kuwa watu husema hivyo, kiboko.

Sentensi ya kwanza, kiboko. Ya pili, kiboko. Ya vyungu alichukua daftari, akachora mstari chini yake kwa penseli nyekundu, akanirudishia niendelee. Ya mwisho, kiboko, na hicho kilinipasua ngozi hapa chini ya kidole gumba, kovu lipo. Kisha akaketi kwenye dawati kando yangu, mtu mzima na magoti yake yamekwama, akaniambia taratibu kabisa, kama si yeye aliyenichana mkono.

"Nzuri namna gani? Mbaya wapi, mikononi au machoni? Hayo hata mtu aliyelala nyumbani jana angeandika. Hii ya vyungu ndiyo yako, hii uliiona. Anzia hapa. Andika mpaka yule aliyelala aione."

Mtu hajanipa fundisho la kuandika zaidi ya hilo, na nimeishi kwa kuandika maisha yangu yote. Nililipokea huku nanyonya damu.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliandika mkono umefungwa kitambaa. Niliandika vyungu vingapi, na namna mwenye vyungu alivyoinua mikono kujikinga uso badala ya kukinga vyungu. Niliandika gurudumu la cherehani lilivyokuwa likizunguka lenyewe pale begani kwa sababu ya mbio, kana kwamba mjane bado anashona. Niliandika cherehani ilikaa bega la kushoto, na kwamba mwizi alipoanguka mtaroni aligeuka kidogo, kilemba kikavuka, nikaona sikio lake la kushoto halina ndewe, limemegwa kama chapati.

Asubuhi nikasoma tena mbele ya darasa. Aliuliza kila sentensi, nikajibu niliona, niliona, niliona. Ila kwenye bega na sikio la kushoto alikunja uso, akaniambia nirudie. Yeye alikaa mbele, kwenye viti, na huko aliiona cherehani bega la kulia.

"Ulikaa wapi ulipoiona?"

Nikamwambia nyuma ya kitambaa. Akacheka, jambo la nadra. Akachukua karatasi, akachora mtu ana mzigo begani, akaiweka dirishani penye jua, akatuita tuitazame kwa mbele kisha tuzunguke nje tuitazame kwa nyuma. Bega lilihama. Tulizunguka mara tatu hatuamini. Wenzangu wakaanza kunizomea, akawanyamazisha, akasema huyu hakusema uongo, ameona kweli, ila kwa upande wa pili. Kisha akachukua penseli yake nyekundu, akakata kushoto mara mbili na kuandika kulia mara mbili. Akanipa tisa kwa kumi. Hakuwahi kumpa mtu zaidi ya sita. Akaniambia ninakili upya kwa mwandiko safi, akaandika tisa ile juu ya nakala, na akaibandika mwenyewe getini kwa mikono yake.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Baba alikwenda kusoma, akarudi akanipa nyama ya sahani yake.

Siku ya tatu tulikuwa darasani, kama saa nne asubuhi. Kule bombani palikuwa na foleni ya ndoo, na fundi mmoja wa baiskeli anayejua kusoma alikuwa akiwasomea akina mama maandishi yangu, nadhani kwa mara ya kumi, maana walikuwa wakiyapenda. Nilikuwa namsikia kupitia dirishani na nilikuwa najifanya simsikii. Akafika kwenye sikio. Hapo hapo akapita hamali anavuta mkokoteni wa chokaa, kijana wa kama miaka thelathini, shati wazi, jasho linamtoka, na sikio la kulia halina ndewe.

Sikusikia aliyeanza kusema. Nilisikia ndoo ya bati ikigonga mfupa. Baadaye ilijulikana ni yule mama mshonaji mwenyewe aliyeirusha. Tukakimbilia madirishani. Hamali alikuwa bado ameshika mikono ya mkokoteni, hakuiachia, nadhani aliogopa chokaa ya watu isimwagike, na huko nyuma wanampiga kwa michi, kwa mitungi, kwa mawe. Aliuliza nimefanya nini. Aliuliza mara nyingi, kwa heshima, mama nimefanya nini, mzee nimefanya nini. Wakamwambia anajua. Mkokoteni ukapinduka, chokaa ikatimka, na katika ule weupe niliona wanaume wanashuka na magongo, wengine hata hawakujua anapigwa nani. Mmoja alikuwa baba yangu.

Mwalimu alitoka na henzirani. Ile ndiyo siku aliyochapa kwa hasira. Hakwenda kwenye kuni. Aliingia katikati yao akichapa nyuso, akichapa wazee wenye kofia, akichapa wanawake, alimchapa mtoto wa jumbe, alimchapa baba yangu shingoni mpaka akaanguka. Henzirani ikakatika. Akaendelea kwa ngumi ile ya vidole vinne, na kila aliyeguswa alikaa chini. Lakini watu walikuwa wengi. Alipoona hawezi alimlalia yule hamali, akamfunika mwili mzima, kifudifudi, kama mjomba alivyosema alilala sinema. Wakampiga na yeye. Jiwe lilimpata mdomoni. Nilikuwa nimeshatoka nje, nilikuwa karibu, na nilimwona anasema neno moja tena na tena, na halisikiki kwa sababu kinywa kilijaa damu na meno. Nililielewa kwa midomo tu. Alikuwa anasema anaigiza, huyu anaigiza.

Aliyeumaliza mchezo ule ni mpishi. Alikuja na sufuria la uji unaochemka, watu wawili wamemshikia, akawamwagia miguuni wale wa mbele na kusema uliobaki ni wa nyuso. Wakatawanyika wakirukaruka.

Askari walipofika walimchukua hamali. Alikaa ndani siku mbili na nyonga iliyovunjika kabla hajapelekwa hospitali, na wiki ikapita ndipo mzungu wa gari la sinema akapatikana, akasema ndiyo, alimchukua bandarini kwa sababu alikuwa peke yake aliyeweza kukimbia na cherehani nzima begani. Jicho moja la hamali lilikuwa limeshapotea. Cherehani ya mshonaji ilionekana baadaye Kigamboni kwa fundi mmoja, aliyeipeleka ni mpwa wake yule mama mwenyewe. Nani alikwenda kumwomba radhi hamali? Hakuna. Wakamwita Mwizi wa Cherehani vile vile, na watoto wake shuleni wakaitwa watoto wa Mwizi wa Cherehani. Mwalimu alibandika tangazo getini kwamba mtu yule hakuiba kitu. Likachanwa. Akabandika jingine. Likapakwa kinyesi.

Kesho yake ya siku ile ya kipigo, Mwalimu aliniita baada ya wenzangu kutoka. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yanatoka yamekunjamana. Alikuwa ameibandua karatasi yangu. Akaniambia nisome. Baada ya kila sentensi aliuliza kama niliona, na mie kwa kilio nikajibu niliona. Yote yalikuwa kweli. Tulipofika mwisho akauliza kimepungua nini. Niliona mlango, niliona jua, nilitaka anichape yaishe, na henzirani haikuwepo.

"Hatukuandika kwamba anaigiza," akasema. "Wewe hukuandika, na mie sikukuuliza." Akaiweka penseli juu ya lile neno kulia, la sikio. "Ungeachwa na kosa lako, wasingemgusa. Aliyelisahihisha ni mie."

Akakata ile tisa. Nikangoja aandike namba nyingine, hakuandika. Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa kanzu, akaniambia niende nyumbani nikamsalimie baba yangu.

Mnafikiri aliacha kuchapa? Wiki iliyofuata alikuja na henzirani mpya, na wa kwanza kuonja nilikuwa mie, kwa kuchelewa. Vitatu, kama kawaida. Sikumsamehe. Kijana mwenzangu alisema angalau ni wa haki, hana upendeleo, nikampiga ngumi huyo mwenzangu.

Nikamaliza shule, nikapata ukarani katika ghala moja la mjini. Siku zile bado bendera ilikuwa yao, ila watu walishaanza kujazana mikutanoni. Niliandika barua za wenye ghala mchana, na jioni niliandika vyangu, na kila nilipoandika mtu nilishika kalamu hewani najiuliza ni nani atakayempitia huyu njiani. Kwa hamali sikwenda. Nilijua yuko hai, nilijua amehamia Kiwalani ambako hawamjui sana, na sikwenda. Tuliambizana mie na nafsi yangu kwamba nina kazi nyingi.

Ndipo Jumapili moja nilikuwa Kiwalani kwa shangazi, natoka, nikakutana naye uso kwa uso. Mwalimu. Alikuwa amekonda, kanzu inamvaa yeye, mkononi kikapu kina samaki wawili na mkate. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Una haraka?"

Nikasema sina. Akatangulia, nikafuata, wala hakugeuka kuona kama nafuata. Tulipita mashamba ya mihogo hadi kibanda kimoja, na uani nikamwona mtu ameketi anasuka makuti, mguu mmoja umenyooka haukunjiki, nikamjua. Mwalimu akampa mke wa yule bwana kikapu bila maelezo, na yule mama akakipokea bila maelezo, nikaelewa hilo hufanyika kila wiki na limefanyika miaka yote. Mie niliyekuwa namchukia sikulijua.

Akaniketisha, akasema tu, "Huyu ndiye."

Hamali hakuinua uso. Mikono iliendelea na makuti. Nikaanza ile hotuba niliyoitunga miaka minane, kaka nimekuja kwako, mie nilikuwa mtoto. Akanyoosha kiganja nikanyamaza. Mwalimu naye alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni, ametoa karatasi, imekatika kwenye mikunjo, nikaijua kabla haijakunjuliwa.

"Hiyo sitaki kusomewa," hamali akasema. "Irudishe. Nataka huyu aseme. Bwana, mie sijajiona. Usiku ule tulikuwa bandarini tunapakua meli. Nilipotoka hospitali gari limekwenda zake, na hili jicho lililobaki halifiki mbali. Temeke nzima imeniona, isipokuwa mie. Nilikimbiaje?"

Nilitegemea matusi. Nilitegemea hata panga. Hilo sikulitegemea.

"Ulikimbia vizuri sana," nikasema.

Mwalimu alikohoa. "Vizuri namna gani?"

Basi nikaanzia kwenye vyungu. Nikamwambia vilikuwa vinane, na alivipita vyote kwa mruko mmoja, na mwenye vyungu alijikinga uso. Nikamwambia gurudumu la cherehani lilikuwa likizunguka lenyewe begani pake.

Makuti yakasimama. "Lilizunguka?"

"Lilizunguka, kaka. Kama mtu anashona."

Akamwita mkewe. Akaniambia nirudie hapo hapo, kwenye gurudumu. Nikarudia. Mkewe akaketi kwenye kinu, kanga mdomoni, na yule bwana akawa anacheka kidogo kidogo, meno ya mbele hayapo, ananyoosha shingo kana kwamba ana mzigo. Akasema mzungu alimkimbiza mara tano siku ile, cherehani ile ni nzito, na hakuiangusha hata mara moja isipokuwa alipoambiwa aanguke. Akalishika sikio lake lile, akaliachia, akauliza:

"Ilikuwa bega gani? Miaka mingi, nimeshasahau."

Nikamtazama Mwalimu. Karatasi ilikuwa gotini kwake, imefunguka, na ile penseli nyekundu ilichomoza mfukoni, imebaki kipande.

"Mie niliiona bega la kushoto," nikasema.

Mwalimu hakunisahihisha.